Punguza Redio, Konda

Kuna wimbo mmoja wa taarabu ambao katika nyumba yetu ya Magomeni haukuwahi kufika ubeti wa pili. Redio yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo, na mama alikuwa na kawaida ya kuiacha ikiimba tangu alfajiri mpaka alipokwenda kulala, akipokea kila kilichokuja: kaswida, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, muziki wa dansi, mpira. Lakini vinanda vya wimbo ule vilipoanza tu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, aliacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono kwenye khanga, akaizima. Hakubadilisha stesheni. Aliizima kabisa, nyumba ikakaa kimya kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha akaiwasha tena, na kila mara aliiwasha wimbo ukiwa umekwisha. Nyimbo za taarabu ni ndefu, lakini mama aliujua urefu wa wimbo ule kuliko hata watu walioupenda.

Utotoni niliamini kwamba ilikuwa ni dini, au ni uchovu. Sikuuliza, kwa kuwa mtoto wa Magomeni wa wakati ule hakuwa na njia ya kumuuliza mama yake swali kama hilo.

Nimeukumbuka wimbo huo mara nyingi miaka hii, kwa sababu ninaishi katika jiji ambalo watu hawaoni haya kuzitangaza nyimbo wasizoweza kuzivumilia. Utawasikia kwenye daladala, kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki na hata msibani. Mmoja atasema kwamba msanii fulani akianza tu kuimba yeye hutamani kuhama mtaa, mwingine atauliza kama kelele zile nazo ni muziki, na wa tatu atasema kwamba Tanzania haijapata mwanamuziki tangu alipofariki Marijani Rajabu mwaka 1995. Hukumu hizi hutolewa kana kwamba zinauhusu wimbo wenyewe, yaani sauti, mashairi au mdundo. Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba mara nyingi hazihusu chochote kati ya hivyo, na kwamba anayezitoa angetutendea haki sote kama angesema ni nini hasa kinachomuuma.

Nianze na wangu. Kwa miaka minne nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa jiji. Kila usiku bendi ya hoteli ilifungua na "Jambo Bwana", ikaurudia wageni walipomaliza kula, na siku ambazo basi jipya la watalii liliingia, ikaupiga mara ya tatu. Nikipiga hesabu ya zamu zangu, nimeusikia wimbo huo zaidi ya mara elfu mbili, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kuondoka pale, ukipigwa mahali ninasikia tumbo likijikaza.

Wimbo wenyewe si mbaya, nami ninataka hilo lieleweke. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikipiga katika hoteli za pwani ya Kenya, ukatoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M, kundi lililokuwa limevuma Ulaya nzima, likatoa toleo lake. Umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa mgeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili anaweza kuushika kabla chakula hakijafika mezani, akaimba kiitikio pamoja na bendi na kurudi kwao akiwa na kitu mkononi. Nyimbo nyingi zilizotungwa kwa nia kubwa zaidi hazijawahi kufanya kazi hiyo.

Kilichoniumiza ni lugha. Hapa Dar es Salaam mtu hamwamkii mwenzake kwa kumwambia "jambo". Tunasema hujambo na tunajibiwa sijambo, tunasema shikamoo na tunajibiwa marahaba, vijana wanasema mambo na wanajibiwa poa, na kila salamu kati ya hizo ina umri wake, heshima yake na mahali pake. Mgeni mwenye umri wa babu yangu alinijia kaunta akiwa na furaha ya kweli na kuniambia "Jambo!", nami nilitakiwa kumjibu "Jambo!" kwa furaha hiyohiyo, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maelekezo ya kazi. Nilihisi kwamba nimeajiriwa niizungumze lugha ya mama yangu kama mtu aliyejifunza juzi. Hata hayo matata ambayo inasemekana hayapo, sisi hatuyataji hivyo, maana mtu wa Dar atakwambia hamna shida. Na bendi yetu, kwa kuwa haikuwa Kenya, iliondoa jina la Kenya na kuweka Tanzania, silabi nne zikasukumwa kwenye nafasi ya mbili, kila usiku, mbele ya watu ambao hawakuwa na namna ya kujua kwamba kitu kimebanwa.

Mpiga solo wa bendi ile alikuwa mzee aliyewahi kupiga katika bendi za dansi miaka ya nyuma. Usiku mmoja, wakati anazikunja nyaya zake, nilimuuliza: "Mzee, wimbo huu haukuchoshi?" Aliendelea kukunja nyaya bila kuniangalia. "Mwanangu," akasema, "huu ndio unaonilipia kodi ya nyumba. Zile nzuri hakuna anayeziomba." Tangu siku ile niliacha kuusema wimbo ule vibaya mbele yake, ingawa tumbo halikuacha kujikaza.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba kitu ambacho mtu amekutana nacho mara nyingi huelekea kumpendeza kuliko kitu kigeni kwake, hata kama hakuna mtu aliyemshawishi. Waliomfuata, akiwemo Daniel Berlyne, waliongeza kwamba kupendeza huko hupanda mpaka kileleni kisha hushuka, hasa kitu chenyewe kikiwa chepesi. Redio zetu zinaifahamu vizuri ile nusu ya kwanza. Wimbo mpya hupigwa asubuhi, mchana na jioni mpaka wewe usiye na haja nao ujikute unauimba ukiwa unaosha vyombo. Ile nusu ya pili wameachiwa wasikilizaji, na ndipo unapomsikia mtu akisema kwamba wimbo alioucheza harusini mwezi wa Juni hataki kuusikia ifikapo Septemba. Chuki ya namna hiyo si nzito. Muda ukipita huisha, na wimbo hurudi ukiwa zilipendwa.

Ya baba yangu ilikuwa nzito. Baba alikuwa mtu wa Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, na kwake muziki maana yake ilikuwa ukumbi, safu ya tarumbeta, magita matatu yanayozungumza, na wimbo unaokueleza kisa kizima kwa utulivu kabla haujachemka na kukuinua kitini. Muziki wa kizazi kipya ulipoingia, alikuwa na neno moja tu kwa waimbaji wake: wabana pua. Hakusema kwa utani. Kijana alipoanza kuimba kwa sauti ile nyembamba ya kulialia kwa ajili ya msichana, baba aliinuka na kutoka nje, akakaa barazani mpaka kipindi kiishe.

Kwa muda mrefu nilimwona kuwa mzee asiyetaka mabadiliko. Baadaye nilianza kuhesabu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio pekee huku Bara, na ndiyo iliyozirekodi bendi katika studio zake na kuzipiga hewani. Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, zikafuata nyingine za watu binafsi, na katika miaka michache vijana wenye kompyuta moja katika chumba kimoja walikuwa na saa nyingi hewani kuliko bendi yenye watu kumi na watano wa kulishwa. Baba aliwafahamu wale watu kumi na watano. Alimfahamu mpiga tarumbeta aliyeishia kuuza mitumba Karume, na mwimbaji aliyekuwa akimkopa nauli. Aliposema wabana pua, hakuwa akieleza jinsi sauti inavyopita puani. Alikuwa akiomboleza, na hakuwa na lugha nyingine ya kuomboleza mbele yetu.

Hata hivyo, babu naye aliuita muziki wa dansi uhuni, na mwaka 1969 wakubwa wa mkoa waliupiga marufuku muziki wa soul hapa Dar es Salaam kwa kuwa waliona unawapotosha vijana. Jiji hili lina desturi ya zamani ya kuuita uhuni muziki wa wale wanaokuja nyuma. Wahuni wa baba walikua. Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay, yaani Joseph Haule, aliyekuwa ameimba juu ya wanasiasa wanaoahidi kila kitu, alichaguliwa na watu wa Mikumi mwaka 2015. Baba alifariki mwaka 2009. Ningependa angewaona wakiapishwa, si ili nimwonyeshe kwamba alikosea, bali kwa sababu alipenda kubishana kuhusu Bunge kama alivyopenda kubishana kuhusu Sikinde.

Siku hizi anayebeba lawama yote ni singeli, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Singeli umetoka uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala, mitaa ambayo nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akikohoa jirani humpa pole. Kasi yake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati nyimbo nyingi za Bongo Fleva hutembea kwa nusu ya hapo au chini zaidi. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye vipaza sauti vya kuunga mpaka sauti ikakwaruza, na watengenezaji wa singeli nao huchukua vipande vya mchiriku na vya taarabu, wakavikimbiza, wakavizungusha, na juu yake mwimbaji akamwaga maneno kama mnadishaji wa sokoni ambaye mvua inakaribia kumkuta. Aliyewahi kulala karibu na kigodoro, yaani sherehe ya mtaani ya usiku kucha, anajua hali ilivyo. Mchana wanakuja vijana wawili na mkokoteni, wanapanga spika moja juu ya nyingine mpaka zinafika usawa wa bati, waya unavushwa juu ya njia kutoka dirisha la jirani, na kuanzia usiku mpaka alfajiri ukuta wa chumba chako unapiga pamoja na moyo wako.

Mimi singeli siuwezi. Nimejaribu. Nikisikiliza kwa dakika kumi kichwa kinaanza kugonga, na nikifika nusu saa ninakuwa na hasira ambayo sijui imetoka wapi. Ninalisema hilo wazi kwa sababu sidai kuwa na sikio pana kuliko la wengine. Lakini kusema "siuwezi" na kusema "huo si muziki" ni mambo mawili tofauti, na umbali uliopo kati yake ni mkubwa. La kwanza ni habari kuhusu sikio langu. La pili ni hukumu kuhusu watu, na katika jiji hili karibu kila mara hufuatwa na maneno yanayoonyesha ni watu gani: wahuni wa Manzese, vibaka wa Tandale, watoto waliokosa malezi. Sikiliza vizuri mtu anapousema vibaya singeli na uhesabu ni sentensi ngapi zinazotaja muziki na ngapi zinazotaja mtaa. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mtaa haujawahi kushindwa.

Linaloniudhi zaidi ni hawa waliobadilika ghafla. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa singeli wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Nina rafiki ambaye kwa miaka mingi aliuita singeli kelele za wavuta bangi, na ambaye siku hizi anauita ubunifu. Hajahudhuria kigodoro hata kimoja kati ya hukumu hizo mbili, na Mburahati ipo mwendo wa bodaboda kutoka kwake. Kilichobadilika ni nani mwingine anayesikiliza. Ningemheshimu zaidi kama angeendelea kuuchukia kwa sikio lake mwenyewe.

Tabia hii si yetu peke yetu. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park huko Chicago, mtangazaji wa redio aliyeitwa Steve Dahl aliwaalika watu waje na santuri za disko ili zilipuliwe katikati ya uwanja, kati ya mechi mbili za siku hiyo. Walijitokeza watu wapatao 50,000. Santuri zililipuliwa, maelfu wakauvamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Miongoni mwa wahudumu wa siku ile alikuwepo kijana mweusi, Vince Lawrence, ambaye baadaye alieleza kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa za disko bali zilikuwa za wanamuziki weusi tu, wa aina yoyote. Disko ulikuwa muziki wa weusi, wa Walatino na wa mashoga, na umati ule uliwajua watu hao kuliko ulivyoujua muziki wao. Miaka michache baadaye Lawrence alikuwa mmoja wa walioanzisha muziki wa hausi katika jiji hilohilo, na amapiano inayopigwa leo katika kila baa ya Sinza na Kinondoni ina damu ya hausi ndani yake. Nayo amapiano, bila shaka, ina watu wake wasioweza kuivumilia.

Serikali nayo ni msikilizaji, tena msikilizaji mwenye uwezo wa kuizima redio ya kila mtu. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi" kuwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi ulikuwa ukitumaliza, Radio Tanzania haikuupiga, na hata hivyo watu waliujua wote, na kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa kwa Remmy mpaka leo. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lilifungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya mchezo wa maneno uliotumia jina la Nyegezi, eneo la Mwanza, na mwezi uliofuata likawasimamisha wasanii wenyewe kwa kuupiga jukwaani. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya "Wapo", na siku chache hazikupita Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba mtu asiyeupenda wimbo anapoukabidhi kwa mwenye mamlaka auzime kwa niaba yetu sote, ametoka kwenye haki yake na kuingia kwenye yangu.

Kuna pia wale ambao hawaichukii nyimbo bali mwenye nyimbo. Kwa zaidi ya miaka kumi jiji hili liligawanyika kati ya mashabiki wa Diamond na wa Ali Kiba, na nilifanya kazi na dada mmoja ambaye hakuweza kunitajia wimbo mmoja wa Diamond alioufikisha mwisho, lakini alikuwa na uhakika kwamba zote ni mbovu. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET, maelfu ya watu walitia saini ombi mtandaoni wakitaka aondolewe, kwa kuwa alikifanyia kampeni chama tawala katika uchaguzi wa mwaka 2020. Tuzo ilikwenda kwa Burna Boy. Nilizungumza na baadhi ya waliosaini. Walikuwa na sababu zao na walizisema waziwazi, bila kudai kwamba hajui kuimba, na kwa hilo tu niliona kwamba wamekuwa wakweli kuliko yule dada.

Lakini nisiwaonee wasikilizaji, kwa sababu jiji lenyewe linawaonea. Jicho lina kope, sikio halina mlango. Katika Dar es Salaam ni mara chache mtu huchagua anachokisikia: spika ipo chini ya kiti cha nyuma cha daladala, baa imepakana na chumba cha kulala, duka la simu limeweka lake barabarani, kanisa na msikiti vina vipaza sauti, bodaboda ana redio kifuani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni za kelele zilizotungwa chini yake mwaka 2015 zipo, na wakaguzi wa mazingira huja na mashine ya kupimia. Kati ya kuja na kuja, abiria ana sentensi moja tu, ile ya "konda, punguza redio", na konda ana uhuru kamili wa kutoisikia. Wimbo uliochaguliwa na mtu mwingine, ukapigwa kwa sauti aliyoichagua mtu mwingine, katika saa ambayo hukuichagua, unaweza kuchukiwa hata kama ungeupenda ukiwa peke yako sebuleni. Ninashuku kwamba nusu ya chuki za nyimbo katika jiji hili ni chuki za kutokuulizwa.

Nirudi kwa mama.

Siku ya arobaini ya baba, wageni walipokwisha kula, shangazi yangu aliniita uani tukae naye. Nilimuuliza kuhusu wimbo ule, kwa kuwa baba hakuwepo tena na yeye alikuwa na umri wa kutomwogopa mtu. Alishangaa kwamba sikuwa najua.

Ilikuwa harusi, Ilala, mimi nikiwa tumboni, miezi saba. Palikuwa na kikundi cha taarabu chenye vinanda, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na miongoni mwao alikuwemo mama mmoja ambaye baba alikuwa amemposa kabla ya mama yangu, posa ikavunjika. Wasiojua taarabu hudhani kwamba nyimbo zile huimbwa kwa ajili ya kusikilizwa. Zinaimbwa pia ili zitumike. Mtu akifikiwa na ubeti unaosema analotaka kusema, huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji, na njia anayopita kufika jukwaani ndiyo ujumbe wenyewe. Ubeti wa kwanza yule mama alikaa. Ulipoingia wa pili, unaomsema mwanamke aliyeridhika na makombo ya mwenziwe, aliinuka na noti moja kati ya vidole viwili, akaipeperusha juu, akatembea polepole kwa mwendo wa muziki, hakuelekea kwa mwimbaji bali kwenye mkeka wa mama yangu, akasimama mbele yake, akacheza pale mpaka ubeti ukaisha. Ndipo akaenda kutunza. Akarudi mara ya pili. Akarudi mara ya tatu. Wanawake walipiga vigelegele, na hapakuwa na mmoja asiyejua.

"Mama yako," shangazi aliniambia, "ukiinuka, umekubali ni wewe. Ukijibu, umekubali. Ukiondoka, ndiyo kabisa." Kwa hiyo alikaa na sahani yake ya pilau mapajani, uso mkavu, mpaka noti ya mwisho ya kinanda. Ndiyo maana aliujua urefu wake.

Sikumwambia mama kwamba nimeambiwa. Na sijawahi, tangu siku ile, kumwuliza mtu anayechukia wimbo kwa nini ana sikio baya.

Mwezi uliopita nilikuwa naye kwenye daladala, tukitoka Gongo la Mboto kumjulia hali ndugu, kuelekea Kariakoo. Konda alikuwa amechomeka flashi ya singeli na spika zilikuwa zikitikisa kioo. Mama ana miaka zaidi ya sabini sasa, alikaa dirishani, mkoba mapajani, na mpaka tunapita uwanja wa ndege hakulalamika hata neno. Kisha wimbo ukabadilika. Mimi sikusikia tofauti yoyote, ilikuwa ni mbio zilezile. Nilimwona tu akijifuta mikono kwenye khanga.

"Mwambie konda apunguze redio."

Ndipo nilipotega sikio na kuvitambua, chini ya mdundo, vimekatwa na kukimbizwa mara tatu ya mwendo wake: vinanda vya wimbo ule. Nilimwambia konda apunguze. Hakupunguza. Nilimwambia mara ya pili, na mama akanishika mkono.

"Shusha," akasema, kwa sauti iliyofika mbele.

Tulishuka TAZARA. Tulisimama kandokando ya barabara, kwenye kivuli cha banda la muuza vocha, naye hakusema kitu na mimi sikusema. Ilipita daladala ya Kariakoo yenye nafasi, nikainua mkono. "Ngoja kidogo," akasema. Ikapita ya pili. Wimbo wa singeli hauchukui hata dakika nne, lakini alisubiri zile dakika kumi za zamani, zote, akiangalia magari, kisha akauweka mkoba sawa begani.

"Haya," akasema. "Simamisha."